Tuliyempandisha Saldanha

Jioni ile tulitoka kufanya zoezi moja tu, halafu turudi tukale. Asubuhi iliyofuata nilikuwa na mtihani wa unahodha wa yoti, na mtahini alishafika kutoka Cape Town.

Miaka yote nimesugua sitaha za yoti za watu hapa Saldanha. Nazisafisha zinang'aa, wenyewe wanakuja na mvinyo wao, wanaondoka nazo. Nikasema basi. Safari hii usukani naushika mimi, tena kwa cheti. Mama hakutaka hata kusikia.

"Bahari imeshamla kaka yangu," alisema. "Lavona, unaipelekea kitoweo kingine?"

Nikamwambia mimi mgumu, itavunja meno.

Tulikuwa watatu. Mimi usukanini. Denzil, mtoto wa huyo mjomba Dawid aliyezama na mwili wake usipatikane. Na Marlize, mwanafunzi mwenzangu, binti wa shamba la ngano kule Malmesbury.

Zoezi lenyewe ni la mtu kuanguka majini, na ndilo linalowafelisha wengi. Sanamu ya mtu inatupwa ghafla, bila kuonywa. Anayeiona kwanza anapiga kelele. Mwingine ananyoosha mkono kuielekea, na mkono huo haushuki, jicho halibanduki. Kichwa cha mtu kwenye mawimbi ni kidogo kuliko chupa, ukipepesa tu umempoteza. Nahodha anageuza chombo, anakisimamisha kando yake. Zoezi haliishi mpaka mtu apande.

Sanamu yetu ilikuwa boya lililofungwa ndoo, jepesi mno. Marlize akaona alivishe nguo. Akaingia stoo ya wafanyakazi, akachukua koti la mvua la njano lililotundikwa nyuma ya mlango, akalificha kwenye mfuko asituambie. Mabaharia huipa sanamu jina, na kwenye kola ya koti jina lilikuwepo tayari.

Kwetu, jina la aliyezama asipatikane halipigiwi kelele majini. Kanisani sawa. Mezani sawa. Majini, hapana. Hata mtoto anajua. Lakini Marlize angejulia wapi? Kwao maji ni ya kunywesha kondoo.

Ukungu ulikuwa unaanza kuingia ghubani. Nikasikia... chubwi!

"Dawid yuko majini! Dawid! Dawid!" Marlize akapiga kelele.

Denzil alikuwa anatafuna mkate. Ukamdondoka. Mkono wake ukanyooka.

Moyo ulinipasuka, lakini mikono ilijua kazi. Nikageuza yoti, nikaikabilisha na upepo, nikaisimamisha kando ya sanamu iliyovaa koti la njano la mjomba. Marlize akalivuta kwa upondo, linachuruzika maji.

"Safi sana, nahodha!" akacheka.

"Denzil, shusha mkono," nikasema.

Hakushusha. Alikuwa anaelekeza mbali, kwenye ukungu.

"Denzil, sanamu tunayo."

"Naiona," akanong'ona. "Yeye bado."

Nikatazama. Maji ya kijivu. Ukungu. Harufu ya mwani uliooza ilinijaa puani. Halafu nikasikia pumzi. Pumzi za mtu anayeogelea, amechoka.

Hhh... hhh...

"Lavona," Marlize akanong'ona, cheko limemkauka. "Washa injini. Tafadhali, twende."

Nikawasha. Nikaelekeza yoti gatini, kwa kasi yote. Mkono wa Denzil ukawa unazunguka taratibu. Ulitoka nyuma, ukaja ubavuni. Mwanzo alikuwa anaelekeza mbali. Sasa kidole kilikuwa kinashuka.

Karibu.

Karibu zaidi.

"Anachoka," Denzil akasema, machozi yanamtiririka. "Lavona, baba anachoka. Tunamwacha tena."

Akavusha mguu mmoja nje ya kamba za ukingoni. Nikamdaka ukosi wa jaketi.

"Rudisha mguu wako humu!"

"Niachie, dada."

"Sikuachii. Ukiruka naruka, na Mama atakuja kukufuata huko huko akuchape."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Hofu nilikuwa nayo, tena tele, lakini hasira iliizidi. Wamenizuia wenye yoti, amenizuia mama yangu, sasa na huyu wa majini anataka kunipora binamu yangu mbele ya macho yangu! Nikajua nikikimbia, Denzil ataruka. Na zoezi haliishi mpaka mtu apande.

Nikageuza. Nikafuata kidole chake hadi kikawa kinaelekeza chini kabisa, kando yetu. Nikazima injini, nikateremsha ngazi upande wa kushoto.

"Mjomba Dawid," nikasema, "au yeyote uliyeitikia jina lake. Nahodha hapa ni mimi. Huyu humchukui. Unataka kupanda, panda. Hutaki, potea!"

Ngazi ikalia. Kipago cha kwanza. Kipago cha pili... Yoti ikainama upande ule, na upepo ulikuwa umeshakufa. Marlize alikuwa amejifunika uso, anasali kwa lugha ya kwao.

Mkono wa Denzil ukashuka.

"Amepanda," akasema.

Asubuhi Marlize hakutokea. Tulitoka na mtahini, mimi na Denzil. Mzee alitembea sitahani huku na huku, amekunja uso.

"Mbona inalala upande? Mmepakia vibaya?"

"Ndivyo inavyolala," nikamjibu.

Akanitupia sanamu yake bila kunionya. Nikaigeukia, nikasimama kando yake, nikaipandisha. Sikuita jina lolote. Nikafaulu! Mama alilia, kisha akakaanga samaki. Mwenye yoti ile akaniajiri niiendeshe, na kila jioni Denzil akawa anaweka kikombe cha kahawa nyuma, upande wa kushoto. Tulifurahi. Tulisema tumemleta mjomba nyumbani.

Kipupwe kikaja, dhoruba ikafukua mchanga wa ufuoni kule Doringbaai. Pakaonekana mifupa, na buti. Polisi wakapima wee, wakatuita. Ni Dawid. Na kwa jinsi alivyofukiwa, wakasema, alikuwa amelala pale tangu mwaka ule ule alipozama. Hakuwahi kutoka.

Tukamzika kwa heshima zake. Kutoka makaburini tulikwenda gatini na nguo zetu nyeusi. Yoti ilikuwa tupu, imelala upande ule ule.

Denzil alikitazama kikombe chake kule nyuma.

"Basi kahawa," akaniuliza, "nilikuwa nampa nani?"

Tangu hapo hakanyagi ile yoti. Mama anataka mchungaji aje akitoe hicho kitu, kirudi kilikotoka. Nimekataa. Nilikiita nikakipandisha mwenyewe, na nahodha hamrudishi mtu majini. Isitoshe, kazi nimeitafuta kwa jasho langu, siiachii kwa sababu ya abiria.

Jana nilikuwa naondoka kwenda Walvis Bay. Nikasimama upande wa kulia, nikashika usukani, nikasema bila kugeuka:

"Sikuulizi jina. Chombo nakiongoza mimi. Wewe kaa upande wako."

Yoti ikainuka taratibu... ikakaa sawa.

Kisha ikalala upande wangu.

Sikuuachia usukani.