Karani wa Mkononi Aliposinzia

Kitendawili. Nina karani mkononi, hana kalamu wala daftari. Nikikaa anakaa, nikienda anaandika.

Wanawake wa mtaa wa Raskazone, Tanga, walishalijua jibu, maana Bi Rahila aliwategea kitendawili hicho kila alipopita. Jibu ni saa ya kuhesabu hatua. Yake ni nyeusi, ina mkanda wa mpira, na kioo chake hakizidi tende kwa ukubwa. Ukitembea inahesabu. Ukikigusa kioo, inakuonyesha umefika hatua ngapi.

Bi Rahila ana miaka sitini na mitatu. Kila siku akishaswali alfajiri huvaa raba zake, hujitanda mtandio, hushika njia. Hupita nyumba kuukuu zenye varanda pana. Hupita geti la shule. Hufika lami inapoishia, hugeuka. Vijana wa bodaboda humwamkia shikamoo, naye huitikia marahaba bila kupunguza mwendo.

Mwaka jana hakuwa hivyo. Aliugua miguu, akatembelea fimbo miezi mitano. Mwanawe Mudathir, anayefanya kazi Dar es Salaam, alikuwa ameweka nia ya kwenda naye Hija. Alipomwona na fimbo, akasita. Alimwambia kuwa Hija ni miguu. Kuna kuizunguka Al-Kaaba, kuna kwenda na kurudi baina ya Safa na Marwa, kuna jua na kuna watu wengi. Bi Rahila akajibu kuwa atafanya mazoezi. Mudathir akampeleka kwanza kwa daktari. Daktari alipomruhusu kutembea, Mudathir akamletea ile saa, wakapatana. Siku arobaini mfululizo, kila siku hatua elfu saba. Zikitimia, Mudathir atapeleka jina la mama yake kwa kiongozi wa msafara. Ikipungua siku moja, watangoja mwaka mwingine.

"Mwaka mwingine ni wa Mungu," alisema Bi Rahila. "Mimi naomba huu."

Fimbo akaiweka nyuma ya mlango. Tangu hapo ikawa ya kufukuzia jogoo anayeingia jikoni.

Siku ya thelathini na nane iliangukia Jumatano. Bi Rahila alipofika geti la shule alikigusa kioo. Kikasoma 2,318. Alipofika mwisho wa lami alikigusa tena. Kikasoma 2,318. Aliporudi nyumbani jua lilikuwa limeshapanda ukutani, na saa bado ilisema ni saa kumi na mbili na dakika arobaini. Hatua zilikuwa zile zile 2,318. Akabonyeza, akapuliza, akautikisa mkono kama anayefukuza nzi. Hola.

"Karani amesinzia," alisema.

Shemeji yake Badru, mdogo wa marehemu mumewe, huja kwake kunywa chai kila asubuhi kabla ya kuingia barabarani na bajaji yake. Badru aliitazama saa, akaigeuza, akatoa hukumu kwamba imekufa. Kisha akatafuta la kumchekesha shemeji yake, maana alimwona uso umekunjamana.

"Ikizinduka mfunge jogoo wako mguuni. Yule hatulii. Kufika adhuhuri atakuwa amekumalizia hatua zote."

"Basi na Hija aende yeye," alijibu Bi Rahila.

Badru hakuishia hapo. Aliichukua simu ya Bi Rahila, kwa sababu saa ile imeungwa na simu. Akapekua mpaka akakuta mahali palipoandikwa futa vyote uanze upya. Akasema dawa ndiyo hii. Kidole kilikuwa kinashuka pale Bi Rahila alipoivuta simu yake. Hakujua kitakachofutwa ni nini, na yeye huwa habonyezi jambo asilolijua mwisho wake.

Lakini aliyekwepa shimo hili aliingia lile. Badru alipoondoka, Bi Rahila akakumbuka redio ya baba yake. Zamani mawe ya redio yakichoka yalianikwa juani, na jioni redio ikasema tena. Akaona saa nayo ina betri. Akaiweka juu ya ungo, kando ya pilipili alizokuwa akianika, katikati ya ua.

Adhuhuri alipokwenda kuichukua ilikuwa ya moto kama kigae cha jikoni. Kioo kilikuwa cheusi tii. Hata ile 2,318 haikuwepo.

Siku thelathini na saba za jasho, na mbili tu zilizobaki mbele. Hakulia. Alimpigia Badru simu arudi, akamwambia ampeleke kwa Leticia.

Leticia ni fundi wa simu. Banda lake liko karibu na njia panda. Babu yake alishuka kutoka milima ya Usambara kufanya kazi katika shamba la mkonge, na ukoo wao haukurudi tena. Alisomea ufundi chuoni, na ana sifa moja kubwa: hagusi chombo kabla hajakuuliza.

Alimwamkia Bi Rahila, akampa kiti, akamuuliza saa iliganda lini na ilifanyiwa nini baadaye. Bi Rahila alieleza yote, mpaka ungo na pilipili. Badru akacheka. Leticia hakucheka.

"Bibi, yale mawe ya redio ni mengine na betri hii ni nyingine," alisema. "Hii haipendi joto. Jua kali linaweza kuivimbisha, na ikivimba haichajiwi tena, ni hatari."

Aliikagua pande zote, akaona haijavimba. Akaiacha kivulini mpaka ikapoa yenyewe. Badru aliuliza kwa nini asiitie kwenye friji ipoe haraka. Leticia akasema baridi ya ghafla huleta unyevu ndani, na maji ndani ya saa ni msiba mwingine.

Ilipopoa aliigeuza. Chini yake kuna vitone viwili vya shaba, ndipo chaja inaposhika. Vitone havikuonekana. Vilikuwa vimefunikwa na utando mnene. Leticia akainusa saa, akatabasamu.

"Unapaka mafuta ya nazi, bibi?"

"Kila siku baada ya kuoga. Ngozi ya mwanamke wa pwani haiachwi kavu."

"Paka, lakini ivue saa kwanza. Mafuta, jasho na chumvi vimeziba mlango wa chakula. Umekuwa ukiiweka kwenye chaja nayo hailambi kitu."

Alichukua kitambaa laini kikavu, akavifuta vitone polepole mpaka vikang'aa. Alimwonya kuwa asivikwangue kwa kisu wala sindano. Kisha akaipachika saa kwenye chaja. Dakika zikapita. Bi Rahila alikuwa akivuta uradi kimyakimya. Mara picha ndogo ya betri ikatokea kwenye kioo.

"Hajafa," alisema Leticia. "Alikuwa na njaa."

Aliiacha kwenye chaja kwa nusu saa. Halafu akamwita Bi Rahila asogee, kwa kuwa alitaka aifanye kazi kwa mkono wake mwenyewe. Saa ile ina kitufe ubavuni. Leticia akamwelekeza akibonyeze bila kukiachia, ahesabu taratibu. Bi Rahila akahesabu kwa kidole kama anayehesabu tasbihi. Alipofika kumi na mbili, saa ilitetemeka mkononi mwake. Kioo kikawaka. Zikatokea zile 2,318.

Bi Rahila akauliza kama sasa imefutwa na kuanza upya, kama alivyotaka Badru asubuhi. Leticia akasema hapana, hayo ni mambo mawili, na watu wengi huyachanganya.

"Kuzima na kuwasha ni kama kumgusa bega aliyelala. Anaamka na akili zake zote. Kuweka upya ni kama kuosha ubao wa chuo cha Kurani. Kila kilichoandikwa kinakwenda na maji. Ulipokuwa mdogo, ubao ulioshwa lini?"

"Nikishahifadhi," alijibu Bi Rahila.

"Ndiyo hivyo. Kwanza hifadhi, kisha osha. Na simu yako ndiyo daftari la kuhifadhia. Mara ya mwisho ulihamisha hesabu lini?"

Bi Rahila alikumbuka kuwa ni Jumamosi. Basi hesabu ya Jumapili mpaka Jumatano ilikuwa ndani ya saa peke yake. Kidole kile cha asubuhi kingeshuka, siku zile zingepotea. Badru akaanza kuzikagua funguo zake za bajaji kwa makini sana.

Leticia akamwonyesha. Washa blutuuthi ya simu. Fungua programu ya saa. Uvute ukurasa kwa kidole kushuka chini, ungoje. Siku zikaja moja moja. Jumapili 7,210. Jumatatu 7,045. Jumanne 7,388. Bi Rahila akasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo. Kisha ikaja Jumatano, 2,318.

Alisema kuwa leo ametembea njia nzima, kwenda na kurudi. Leticia alimsadiki. Lakini saa ikiganda haiandiki.

"Kilichoandikwa nimekuokolea, bibi. Kisichoandikwa sina namna."

Badru akashauri wampigie Mudathir, hakuna mtoto wa kumkanusha mama yake. Kabla Bi Rahila hajafungua kinywa, saa iliganda tena mbele ya macho yao.

Leticia hakubabaika. Alisema kama inaganda hata baada ya kusafishwa, kuchajiwa na kuwashwa upya, basi sasa ubao uoshwe, na hakuna cha kuogopa kwa kuwa kila kitu kimo katika daftari. Ila aliuliza jambo moja. Simu ikidai neno la siri la akaunti, analijua? Mudathir alikuwa amelitaja siku ile alipoiunga saa. Bi Rahila alikuwa ameliandika, akalibandika ndani ya kifuniko cha mkebe wake wa udi. Badru akatumwa. Alirudi na mkebe mzima, shati lake likinukia kama la bwana harusi.

Leticia akaiamsha saa tena kwa kitufe. Akaingia kwenye mipangilio, akachagua kuweka upya, akakubali. Kioo kikazimika, kikawaka, kikasalimu kama saa iliyotoka dukani. Kweli, simu ikadai neno la siri, nalo likasomwa kutoka kwenye kifuniko. Akaiunga saa na simu. Simu ikasema kuna marekebisho mapya ya saa, akayapakua mpaka mwisho, akaeleza kuwa mara nyingi hayo ndiyo yanayotibu kuganda. Na akaongeza kuwa saa hazifanani. Nyingine hazina kitufe, huamshwa zikiwa kwenye chaja. Kwa hiyo kile kijitabu kinachokuja na saa kisiwashiwe jiko.

Ikawa saa kumi alasiri. Kwenye mkono wa Bi Rahila ilisomeka sifuri. Kwenye simu ilisomeka 2,318. Akapiga hesabu, akaona zimebaki 4,682. Akakaza kamba za raba.

Badru alikuwa ameshawasha bajaji. Bi Rahila akampa mkebe wa udi ausafirishe, yeye akashika njia ya kuzunguka, ile ndefu. Badru akamfuata nyuma polepole kama anayesindikiza harusi, na kila aliyeuliza kuna nini aliambiwa shemeji anakwenda Makka kwa miguu. Kabla ya adhana ya magharibi saa ilisoma 4,700. Simu ikajumlisha, ikasoma 7,018.

Tangu siku ile ana desturi mpya. Anavua saa kabla ya kupaka mafuta. Anafuta vile vitone kwa kitambaa kikavu kabla ya kuchaji. Kila jioni anahamisha hesabu kwenye simu. Na juu ya ungo hamna tena kitu ila pilipili.

Ijumaa, siku ya arobaini, Mudathir alifika Tanga. Baada ya swala na chakula aliichukua simu ya mama yake, akazipitia siku moja moja. Alipofika Jumatano akasimama.

"Mama, siku hii hatua nyingi ni za jioni. Wewe si mtu wa jioni."

Bi Rahila akamweleza, asifiche ungo wala jua. Mudathir akasema kuwa lau mama angempigia tu simu, angemwamini.

"Najua," alisema mama yake. "Lakini tulipatana kwa hesabu, na hesabu ilipungua. Karani wa mkononi alisinzia, nikamlipia kwa miguu. Zile za asubuhi usijali. Wako makarani wawili mabegani, malaika, hawagandi wala hawatiwi chaja. Wao wameziandika."

Mudathir aliiweka simu ya mama yake chini, akachukua yake, akampigia kiongozi wa msafara. Alilitaja jina taratibu ili liandikwe vizuri: Rahila binti Abdulwakil.

Badru, aliyekuwa akimalizia chai, akauliza ile fimbo nyuma ya mlango aitupe sasa au vipi.

"Iache hapo hapo," alisema Bi Rahila. "Mimi nitakuwa safarini. Jogoo atabaki na wewe."