Mpira Kwenye Meno ya Paa

Tangu mabomba ya Likasi yakauke, Stéphanie alianza kila jioni kwa kuchota maji. Ndoo zikijaa, alikimbilia mpira. Nyumba yao ilijengwa zamani na mhandisi Mbelgiji. Paa lake lilikuwa la mteremko mkali, na kwenye ukingo zilipangwa ndoano fupi za chuma. Watoto waliziita meno.

Alhamisi alichukua mpira wa Marceline, mwenzake wa timu, bila kuomba, akajizoeza peke yake nyuma ya nyumba. Teke moja tu, mpira ukaruka juu, ukabiringika na kunaswa na meno. Marceline alipouulizia, Stéphanie alijibu haraka, "Simone ndiye aliyeondoka nao."

Simone, golikipa wao, alikana mpaka akalia. Wenzake wakamfukuza kwenye timu, na Jumamosi walikuwa na mechi.

Stéphanie alijipa moyo: mvua ikinyesha, mpira utateleza wenyewe. Ijumaa mchana mvua ikamwagika. Mpira haukusogea.

Nyanya yake Bibiane, ambaye wote walimwita Kambo, alimkuta akikodolea macho paa.

"Unahesabu vigae?"

"Kambo, ile meno ni ya kazi gani?"

Kambo aliwahi kumfulia nguo yule mhandisi. Akacheka. "Kwao theluji inajaa juu ya nyumba. Ikishuka mara moja, inaponda muntu mlangoni. Meno inaishika mpaka iyeyuke polepole."

"Lakini huku hakuna theluji."

"Nilimwambia vile. Akasema nyumba bila meno si nyumba." Kambo akatazama juu. "Na ule mpira, weye unangoja uyeyuke?"

Stéphanie akaeleza yote, kisha akaenda kuwaita Marceline na Simone. Aliungama mbele yao.

"Kumbe mwizi ni weye," Simone alisema, mikono kiunoni. "Sasa panda weye. Na nikidaka kesho, utanibebea viatu."

Kambo alishika ngazi, Stéphanie akausukuma mpira kwa ufito mrefu wa kuanikia nguo. Ukatua ndani ya beseni la maji na kumlowesha Kambo kichwa hadi miguu. Wote wakacheka mpaka wakashika mbavu, Simone akiwazidi.

"Umeona, mutoto wangu," Kambo alisema akikamua kitambaa chake. "Theluji inayeyuka yenyewe. Uongo hauyeyuki. Aliyeupandisha ndiye anaushusha, na mapema, kabla haujamponda mwenzake."