Mshale Ulioanguka Juani

Haya yalimpata rafiki yangu Kasmiri, mpiga picha wa Bariadi, msimu ule wanunuzi binafsi walipoanza kuruhusiwa kununua pamba yetu. Minza alimwita kijijini kwao Nkoma, akitaka picha ya kumpelekea mumewe, Limbu. Mayige, mdogo wake Limbu, ndiye aliyeleta habari kwamba kaka yake yuko Lamadi kwenye biashara ya samaki, na siku hiyo alisimama pichani pamoja na shemeji yake.

"Shemeji, koti hilo si la mume wangu?"

"Aliniachia. Lamadi na joto lile, amvalishe sangara?"

Minza alicheka, akamnyooshea ukosi.

Jua lilikuwa kali. Kasmiri alipopima mwanga usoni pa Minza, mshale wa kipimamwanga ulipanda. Alipopima nafasi iliyokuwa kati yao, ulianguka hadi sifuri na kugonga kioo kwa ndani, taratibu, kama ukucha.

"Betri imekwisha, fundi," alisema Mayige. "Piga tu."

Kipimamwanga kile hakikuwa na betri; kiliendeshwa na mwanga wenyewe, wala hakikuwahi kumdanganya. Kasmiri alikitii, akaifungua lenzi yote kama mtu anayepiga picha gizani.

Alipoisafisha, picha ilikuwa imezidiwa na mwanga, kama alivyotarajia. Minza na Mayige walikuwa wamefutika, wamebaki weupe mtupu. Kati yao tu ndipo kipimo kilipokuwa sahihi: Limbu alisimama pale kifua wazi, kinywa kimejaa udongo, vidole vyake vimeushika ukosi wa koti.