Upepo Ulipogeuka

Fundi seremala alikuwa karakanani akipiga randa. Mkewe alirundika maranda nyuma ya nyumba, kando ya msitu. Mama yake fundi alikaa barazani, akikohoa. Moshi ulikuwa umeufunika mlima tangu alfajiri.

"Moto hautafika huku," fundi alisema. "Nimezaliwa hapa. Kila mwaka unawaka, kila mwaka unazimika."

Jirani yao, mlinzi wa misitu, aliingia akihema. Mabega yake yalijaa majivu.

"Shemeji, miaka ile si miaka hii."

"Kwani nani kauwasha?"

"Mtu kachoma majani shambani. Cheche ni ileile ya zamani. Kilichobadilika ni msitu." Aligusa ubao mbichi. "Cheche ikidondoka hapa?"

"Inazimika."

Mlinzi akachota maranda makavu. "Na hapa?"

"Yanawaka papo hapo," fundi alisema, akaweka randa chini.

"Dunia nzima tunachoma mafuta na makaa ya mawe, tunakata misitu. Hewa chafu inazuia joto lisitoke, kama blanketi. Miti inakauka kupita kiasi. Moto ulikuwepo tangu enzi, lakini sasa moto mkali ni rahisi zaidi kutokea."

"Basi tumekwisha!" mke alisema.

"Bado, dada. Ondoeni maranda. Fyekeni majani makavu kuzunguka nyumba, fagieni na juu ya bati. Mkisikia filimbi yangu, kimbieni. Msingoje kuuona moto."

Waliondoa maranda, wakafyeka na kufagia. Mchana upepo uligeuka. Filimbi ikalia.

Fundi aligeukia karakana. "Vifaa vyangu!"

"Msumeno utapata mwingine!" mama yake alifoka. "Nilikubeba miezi tisa. Wewe kunibeba barabara moja tu kunakushinda?"

Fundi akambeba mama yake mgongoni. Nyuma yao msitu ulinguruma. Miti ilipasuka kwa vishindo. Jua liligeuka jekundu, na cheche zikawapita juu ya vichwa. Mkewe alimshika shati, asithubutu kugeuka. Hawakusimama mpaka ng'ambo ya mto.

Kesho yake walirudi. Karakana ilikuwa majivu matupu. Nyumba ilikuwa imesimama. Moto ulikuwa umeishia pale walipofyeka.

"Utarudi?" fundi alimwuliza mlinzi aliyekuja kuwaona.

"Huenda," mlinzi alijibu. "Tusipopunguza hewa chafu duniani, utarudi mara nyingi zaidi."

Fundi aliutazama upande wa msitu ambao haujaungua. Ulikuwa mkavu, kimya. Akachukua fyekeo, akaenda nyumba ya pili.

"Hodi, jirani! Toka tufyeke. Leo hii, si kesho."