Povu Mfongoni

Kila asubuhi Amne aliamshwa na baridi kabla ya jogoo. Alijitanda kanga mbili, akapuliza moto, kisha akaitazama chupa ya mafuta ya nazi aliyopewa na mama yake siku ya kuagana Unguja. Huku Marangu mafuta yalikuwa yameganda, meupe, hayatoki hata chupa ikigeuzwa kichwa chini. Amne aliamini yameharibika njiani, na kila alipoyaona alitaka kulia.

Baba yake, fundi Mikidadi, alikuwa seremala aliyeitwa kujenga ghala la kahawa la wakulima. Mama alibaki kumuuguza bibi. Zama hizo Mwingereza alitawala huko na huku, lakini kwa Amne mlimani palikuwa ugenini kabisa. Akipanda kidogo tu, moyo ulimwenda mbio. Maharage aliyoyainjika asubuhi yalikuwa bado magumu adhuhuri. Watu walizungumza Kichagga wao kwa wao, naye alikaa kati yao kama bubu. Baba akienda kazini, alibaki kuhesabu migomba.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemjia. Huyo ni Lukresia, msichana wa rika lake, aliyeishi na bibi yake Dominika katika kihamba cha jirani, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Alipita kila siku akitoka kukata majani ya ng'ombe, akamfundisha Amne kumenya ndizi za supu ya mtori. Siku moja alimwonyesha majani marefu ya isale yaliyopandwa mpakani. Alisema mtu akikosa huchukua jani hilo akampelekea aliyemkosea, na anayeletewa hawezi kukataa kusamehe. Amne alicheka. Jani lingewezaje kusema kuliko mdomo?

Nyuma ya nyumba ulipita mfongo, mfereji uliochimbwa na mababu kuleta maji kutoka msituni. Hakuna aliyemwambia Amne kwamba maji ya alfajiri ni ya kunywa, na nguo hufuliwa mtoni, bondeni. Basi asubuhi moja, kabla jua halijatoka, alichutama pale akafua kanga zake kwa sabuni. Alifua kwa raha, maana hiyo ndiyo kazi pekee iliyomkumbusha kwao.

Huko chini povu liliingia katika mitungi ya watu. Mzee Eliufoo, msimamizi wa mfongo, akawakusanya wenzake. Lukresia alikuwa ameonekana kule juu mapema na mzigo wake wa majani, kwa hiyo lawama ikamwangukia. Alikana, hakusadikiwa. Bibi Dominika akatozwa mtungi wa mbege, pombe ya ndizi, na nyumba yake ikakatazwa kuchota mfongoni mpaka mjukuu akiri. Tangu hapo Lukresia aliteremka bondeni na debe asubuhi na jioni. Kwa Amne hakupita tena.

Baba alizileta habari hizo kutoka kazini. Amne alizisikia, ulimi ukawa mzito. Je, baba akifukuzwa? Na Lukresia akijua, si ndiyo atamchukia kabisa? Akanyamaza, na kesho yake akanyamaza tena. Upweke wa kwanza ulikuwa wa kukosa watu. Huu mpya ulikuwa wa kuwakimbia, nao ulimuuma zaidi.

Hatimaye alimwona Lukresia akipanda kutoka bondeni, nguo imelowa mabegani, akilitua debe kila mara ili apumue. Kumbe hata mzaliwa wa mlima huhema. Amne alitoka mbio, akachuma jani la isale.

Kwa Bibi Dominika alimkuta Mzee Eliufoo, amekuja kuulizia mbege. Hata hivyo hakurudi nyuma.

“Shikamoo bibi, shikamoo babu,” alisema. “Aliyefua mfongoni ni mimi. Wakati nafua sikujua kuwa ni kosa. Lakini Lukresia aliposingiziwa nilijua, nikanyamaza.”

Bibi alilitazama jani, ambalo Amne alikuwa amelishika kichwa chini, akaligeuza taratibu na kulipokea. Mzee Eliufoo alikohoa, akasema faini na katazo la maji vimefutwa. Kisha akauliza kama mpakani limebaki jani moja, maana naye alikuwa na mtu wa kumwomba radhi.

“Mjukuu wangu,” Bibi Dominika alisema, “kufua ulikosea kwa ugeni, na mgeni hufundishwa. Kosa lako ni kunyamaza. Povu lilipita siku ileile, lakini mzigo wa ukimya wako mwenzio ameubeba kichwani mpaka leo. Ukikosa, sema mapema, kabla mwingine hajakulipia.”

Lukresia alikuwa amesimama mlangoni na debe lake, amesikia yote. Alilitazama jani mapajani mwa bibi yake, akatua debe, akasugua shingo.

Jioni Amne alikuja na ile chupa, akaomba radhi kwamba hana zawadi nyingine ila mafuta yaliyoharibika. Bibi Dominika aliiweka kando ya mafiga. Punde mafuta yakayeyuka, yakawa maangavu, na harufu ya nyumbani ikajaa jikoni.

“Hayana ubaya,” bibi alisema. “Yalipatwa na baridi tu.”

Lukresia akasogea, akainamisha shingo. Amne alimimina mafuta kiganjani, akaanza kumkanda pale palipouma.