Sanduku Tupu la Bibi Mkunga

King'ora cha wezi kililia nyumbani kwa fundi saa saba mchana, watu wako mezani. Fundi alipanda kiti, akang'oa nyaya, akatoa betri. Kikaendelea kulia.

"Baba Pacha, umezima kweli?" mkewe alinong'ona.

"Betri hii hapa mkononi!"

Kikanyamaza chenyewe. Nyumba ikanuka spiriti, kama wodi ya wazazi.

Fundi aliijua harufu hiyo. Ving'ora vyake vya bei nafuu vilikuwa mtaa mzima, na wanyonge walimwombea dua. Lakini kwa bibi mmoja, mkunga mstaafu aliyeishi peke yake, alibandika sanduku tupu lenye kitufe na taa nyekundu tu. Kizee kile kitajuaje? Wezi walipoingia, bibi alibonyeza. Majirani walimkuta kanyongwa, kidole gumba bado kiko kwenye kitufe.

Siku ya tatu tangu king'ora kilie mezani, mke wa fundi alikuwa anaanika nguo. Shuka zikamponyoka, akakakamaa, akatoa sauti ya kizee:

"Nilibonyeza, mwanangu, nilibonyeza mpaka ukucha ukang'oka, nikisikia watu wanapita dirishani wanacheka, na mkono wa mtu uko shingoni mwangu, nami najisemea ngoja, kitalia tu, fundi ameniapia kitalia..."

Mganga, mama mnene asiye na maneno mengi, aliitwa mbio. Alifukiza mpaka jasho likamtiririka.

"Bibi, unataka nini kwa huyu binti?"

"Huyu sina ugomvi naye. Namtaka mumewe."

Fundi akapiga magoti. "Nisamehe, bibi! Nitafunga ving'ora vya kweli, nyumba kwa nyumba!"

"Funga. Mimi niliita, sikusikika. Nawe utaita."

Mke akaanguka, akapiga chafya, akaomba maji. Mganga alikusanya vitu vyake. "Kwa mkeo ametoka," alimwambia fundi bila kumtazama. "Kwako, sijui."

Wiki iliyofuata fundi alikuwa darini kwa jirani, akifunga king'ora cha kweli. Mkewe alikuwa chini, amekuja kupiga soga. Mguu wa fundi ukateleza, msumari wa boriti ukamzama pajani, damu ikaruka. Akapiga ukelele kwa nguvu zake zote, koo likamwasha moto, lakini hakuna kilichotoka, hata pumzi. Akazitwanga mbao kwa ngumi. Ikawa kama anapiga pamba. Kupitia ufa aliwaona wanawake wawili wanamenya viazi, hatua chache tu chini yake.

"Mumeo siku hizi anafanya kazi kimya kimya," jirani alisema.

"Kabadilika mno," mke akajibu kwa fahari, akachukua kiazi kingine.