Waya Mahali pa Fyuzi

Kila Jumamosi asubuhi Stumai alifagia kibanda cha baba yake pale Tunduma, kisha akapanga spana kuanzia ndogo hadi kubwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na subira hakuwa nayo kabisa. Baba yake, Hamis, alikuwa fundi umeme wa magari. Huyo alikuwa mtu wa taratibu, anayeweza kukaa nusu saa akichunguza waya mmoja huku wateja wakiguna.

Jumamosi hiyo walikuwa na pikapu ya Mzee Habibu, muuza mitumba aliyezunguka minadani. Huko alitangaza nguo zake kwa spika kubwa kutwa nzima, na spika zilimaliza umeme wote wa betri. Jioni gari liligoma kuwaka, ikabidi lisukumwe. Sasa alitaka betri ya pili ifungwe nyuma, kwa ajili ya spika peke yake. Injini ikiwa inafanya kazi, betri zote mbili zingechajiwa pamoja. Ikizimwa, swichi ingezitenganisha, na ya mbele ingebaki na umeme wa kuwashia gari.

Hamis alipitisha waya mnene chini ya gari, kutoka betri ya mbele hadi ya nyuma, akaweka fyuzi kila upande. Alipowasha injini, fyuzi zote mbili ziliungua. Akaweka nyingine mbili. Nazo zikaungua.

"Kuna mahali waya huu unagusa chuma," alisema. "Fyuzi za namna hii zimeniishia. Naenda dukani. Nikirudi tutaukagua waya wote. Stumai, gari hili asiliguse mtu."

Hata hajafika mbali, Mzee Habibu akaingia.

"Shikamoo, mzee," Stumai alimsalimu.

Mzee Habibu hakuitikia. "Bado? Tangu asubuhi bado? Mnada wa Ndalambo ni kesho, na njia yenyewe unaijua!"

"Baba amekwenda kununua fyuzi."

"Fyuzi, fyuzi! Baba yako ni fundi au mbabaishaji? Mama yako yuko stendi na mabelo yake ya mitumba, jua linamchoma, ananingoja mimi. Sasa nakwambia, nikichelewa leo, mabelo yake simbebei tena. Atafute gari lingine!"

Alisema kwa sauti kubwa, makusudi, ili majirani wasikie. Wauza mahindi ya kuchoma wakageuka. Mmoja akacheka. Stumai alihisi masikio yake yanawaka moto. Baba yake kuitwa mbabaishaji, tena mbele ya watu! Alitamani kumrushia mzee huyo spana.

Msimwonee huruma kwa alichofanya baadaye, kwa sababu alijua. Baba yake alishamweleza mara nyingi kwamba fyuzi ni kipande dhaifu kinachoungua ili gari lisiungue. Hata hivyo alichukua vipande viwili vya waya wa shaba, akavikunja, akavibana mahali pa zile fyuzi, akafunika. Alikuwa amewaona mafundi wengine wakifanya hivyo.

"Washa!" alisema kwa hasira.

Mzee Habibu aliwasha. Wakati huo waya haukugusa chuma, kwa hiyo spika zililia vizuri. "Kumbe fundi ni mtoto!" alisema huku akicheka, akaondoa gari kuelekea stendi.

Muda mfupi baadaye Hamis alirudi na fyuzi mkononi. "Gari liko wapi?"

"Nimeliona tatizo, baba," Stumai alijibu haraka. "Waya ulikuwa umechubuka. Nimeufunga kwa tepu. Na fyuzi nimezipata kwenye kopo la vyuma chakavu."

Uso wa Hamis ulichangamka. Alimwita Abdulrahim, mziba pancha wa jirani. "Abdulrahim! Njoo usikie alichofanya binti yangu!" Akaanza kumsimulia, akimsifu mwanawe kwa bidii na akili. Abdulrahim naye akasifu. Mazungumzo yakanoga, na kila sifa ilimchoma Stumai. Alimfikiria mama yake, Yasmini, ameketi nyuma ya pikapu juu ya mabelo, karibu na ile betri. Akashindwa kuvumilia.

"Baba, nimesema uongo. Nimeweka waya mahali pa fyuzi."

Hamis akafoka, na Stumai hakuwa amewahi kumsikia akifoka hivyo. "Mama yako anapanda gari lile!"

"Najua, baba."

"Unajua? Unajua, na umefanya?"

Alichukua pikipiki ya Abdulrahim bila hata kuomba, akambeba Stumai nyuma. Walipita kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, wakafika stendi. Pikapu ilikuwa imeshaondoka. Wakaifuata kwenye barabara ya vumbi, na baada ya nyumba za mwisho wakaiona mbele yao. Spika zilikuwa zikitangaza mashati kwa sauti ya juu, na moshi mweusi ulikuwa ukitoka chini ya bodi.

"Mama! Shuka! Mama!" Stumai alipiga kelele. Yasmini, asiyesikia kitu kwa sababu ya spika, alimpungia mkono.

Hamis aliipita pikapu na kuikingia njia. Akafungua boneti, akakata waya kwa koleo, akakimbia nyuma akakata na kule, maana betri ya pili nayo ilikuwa ikilisha moto. Vidole vyake viliungua. Yasmini aliruka chini, akalivuta belo lililoshika moto, akalifukia kwa mchanga. Hakuna aliyeumia zaidi, lakini belo zima la nguo za watoto liliharibika.

"Mkeo angekufa kwa kazi yako mbovu!" Mzee Habibu alimkaripia Hamis.

"Si baba," alisema Stumai akilia. "Ni mimi. Baba alikataza."

Yasmini alimkazia macho mwanawe. "Ulijua kwamba nitapanda?"

"Ndiyo, mama."

"Nimekubeba mgongoni katika minada hii hii ili ule, usome. Leo unanikalisha juu ya moto?" Kisha akamgeukia Mzee Habibu. "Na wewe, mtu mzima na ndevu zako! Unamtukana fundi mbele ya mwanawe, kisha unapakia watu kwenye gari lililofungwa na mtoto!"

Mzee Habibu aliinamisha kichwa. "Mama Stumai, hapo umenipata. Belo hilo nitalilipa mimi."

Hamis alichomoa nyaya za betri zote mbili. "Ingia uvunguni," alimwamuru Stumai. "Upitie waya wote kwa mkono."

Stumai aliingia, akaupapasa waya kidogo kidogo, akapaona mahali uliposagwa na chuma cha bodi. Hamis akaenda kibandani kwa pikipiki kuleta waya mpya na fyuzi. Wakauweka waya huo ndani ya mpira wa maji, wakaufunga mbali na chuma, wakaweka fyuzi mbili. Injini ikawashwa. Walisubiri kwa muda mrefu. Fyuzi hazikuungua.

"Baba, bado umekasirika?"

"Sana. Lakini nimepima kwanza, ndipo nikafunga, kwa sababu hasira si fundi. Zile fyuzi nne zilituambia kuna kasoro, wewe ukazinyamazisha ili Habibu aache kelele. Kisha ukanidanganya. Niliporudi dukani, mama yako alikuwa bado stendi. Ungesema kweli saa ile ile, hata asingepanda."

Yasmini alisogea karibu na betri. Hakutabasamu hata kidogo.

"Nionyeshe fyuzi."

Stumai alifunua, akamwonyesha ya mbele, kisha ya nyuma. Yasmini alizitazama moja moja, akapanda juu ya mabelo yaliyobaki.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Siku nyingine kazi ikikataa, sema imekataa. Mtu atafoka, atatukana, atachoka. Na mimi nitarudi nyumbani nikiwa mzima."